Ukimya wa Mkataba: Tahakiki ya Dhana ya Umiliki wa Mikusanyo ya Data ya Kiswahili Iliyotengenezwa kwa Ajili ya Mteja

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza ni nani anayemiliki mkusanyo wa data uliotengenezwa na mtaalamu kwa ajili ya mteja, pale mkataba wao unapokaa kimya kuhusu hakimiliki. Matini zilizohakikiwa ni tatu: hukumu ya kesi ya Robin Ray dhidi ya Classic FM iliyotolewa London mwaka 1998, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu hifadhidata la mwaka 1996. Tahakiki inabainisha kwamba ukimya uleule wa mkataba huleta matokeo yanayopingana kutegemea mahali unaposomwa. Inadai kwamba kanuni ya London, inayompa mteja kile tu anachokihitaji, inafaa zaidi kwa data za Kiswahili kuliko kanuni ya Kenya inayompa kila kitu. Aidha, inaonyesha kwamba hata pale sheria inapomnyang'anya mnukuzi haki yake, haigusi haki ya msemaji, na kwamba kauli iliyozoeleka ya "data ni mali ya mteja" inadai zaidi ya inavyopaswa.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni, Kiswahili kimekuwa bidhaa inayotafutwa na watengenezaji wa mifumo ya kompyuta inayotambua sauti, kutafsiri na kuzalisha matini. Mifumo hiyo haifundishwi kwa kamusi na vitabu vya sarufi peke yake. Hufundishwa kwa wingi wa data: sauti zilizonukuliwa, sentensi zilizotafsiriwa, maneno yaliyowekewa alama za aina zake. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, walimu na watafsiri wanaolipwa kwa saa au kwa faili. Mteja huagiza, mtaalamu hutengeneza, malipo hufanyika, na faili huondoka. Swali la umiliki huibuka baadaye, pale mmoja wao anapotaka kuitumia kazi hiyo kwa jambo ambalo halikutajwa siku ya makubaliano.

Mtafiti alikutana na swali hili kabla ya kulisoma katika sheria. Aliwahi kurekodi na kunukuu masimulizi ya wavuvi wa Vanga na Wasini, Kaunti ya Kwale, kwa ajili ya mteja mmoja. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili. Ulitaja kiwango cha malipo, tarehe ya kukabidhi na namna ya kuyapa mafaili majina, haukutaja hakimiliki. Alipoomba baadaye kutumia sehemu ya nukuu hizo katika tasnifu yake, alijibiwa kwamba data ni mali ya mteja. Aliporejea Vanga kwa utafiti mpya, mzee mmoja miongoni mwa waliosimulia alimuuliza, "Mwanangu, yale maneno yetu yako wapi sasa?" Tahakiki hii haikusudii kulalamikia jibu la mteja ambalo, kama itakavyoonekana, lina nguvu ya kisheria kwa upande mmoja. Inakusudia kuhakiki hoja inayolipa jibu hilo nguvu, kuonyesha kwamba hoja hiyo si ya lazima, na kubainisha mahali inapokoma.

2.0 Hukumu ya Ray: Kiasi Kinachohitajika Tu

Robin Ray alikuwa mtangazaji Mwingereza aliyejulikana kwa ujuzi wake wa muziki wa kale wa Ulaya. Kituo cha redio cha Classic FM, kilichoanza kutangaza mwaka 1992, kilimchukua kama mshauri kwa mkataba wa huduma, si wa ajira. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandaa orodha ya maelfu ya rekodi za muziki, kuzipanga katika makundi, na kuipa kila rekodi alama ya kiwango cha mvuto wake kwa wasikilizaji. Orodha hiyo iliingizwa katika hifadhidata ya kituo, na programu ya kompyuta ikaitumia kuchagua muziki wa kurushwa hewani. Kwa lugha ya leo, Ray alikuwa mwekaji alama za data. Alichukua vitu ambavyo tayari vilikuwapo akaviongezea hukumu yake, na hukumu hiyo ndiyo iliyoviwezesha kutumiwa na mashine.

Mgogoro ulizuka pale kituo kilipotaka kutoa nakala za hifadhidata hiyo kwa vituo vya redio vya nje ya Uingereza. Mkataba haukusema neno kuhusu hakimiliki. Kituo kilitoa hoja mbili: kwamba kilikuwa mwandishi mwenza, kwa kuwa watumishi wake walichangia mawazo vikaoni, na kwamba kwa vyovyote vile mtu aliyelipia kazi anapaswa kuimiliki. Jaji Lightman alizikataa hoja zote mbili. Kuhusu ya kwanza, alishikilia kwamba kuchangia mawazo hakutoshi. Mwandishi mwenza lazima awe na mkono wa moja kwa moja katika kile kinachoonekana kwenye karatasi. Kuhusu ya pili, alieleza kwamba mkataba unapokaa kimya, mahakama inaweza kuingiza sharti lisilotamkwa, lakini sharti hilo lisizidi kiasi kinachohitajika ili makubaliano yafanye kazi. Ikiwa leseni inatosha, umiliki hauhamishwi. Upana wa leseni nao hupimwa kwa kuangalia yale ambayo pande mbili zilikuwa nayo akilini siku ya mkataba. Kwa kipimo hicho, Classic FM kiliruhusiwa kuitumia hifadhidata kwa matangazo yake ya Uingereza, lakini hakikuruhusiwa kutoa nakala kwa biashara ya nje. Umiliki ulibaki kwa Ray.

Kuna mambo mawili katika hukumu hii yanayostahili kusisitizwa. Kwanza, jaji hakulichukulia suala la umiliki kama zawadi ya jasho. Hakuuliza nani aliyechoka zaidi. Aliuliza mteja alihitaji nini ili apate alichokilipia. Pili, aliifunga haki ya mteja katika wakati. Matumizi ambayo hayakuwa akilini mwa yeyote siku ya makubaliano hayawezi kudaiwa kwamba yalilipiwa siku hiyo. Jambo la pili lina uzito wa pekee kwa data za lugha. Nukuu zilizoagizwa kwa ajili ya kamusi ya lahaja zinaweza, miaka michache baadaye, kutumiwa kufundisha mfumo wa kuzalisha sauti. Maneno ni yaleyale, lakini matumizi ni mengine kabisa.

3.0 Kifungu cha 31: Ukimya Unaohamisha Mali

Tukiuhamishia mgogoro wa Ray Nairobi, matokeo yanageuka. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya kinaanza kwa kanuni ya jumla kwamba hakimiliki huanzia kwa mwandishi. Kisha kinaweka sharti: kazi iliyoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mwandishi, sawa na kazi iliyotengenezwa katika utekelezaji wa ajira, hakimiliki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Sheria hiyohiyo inaihesabu mikusanyo ya data, ikiwamo iliyohifadhiwa katika kompyuta, kuwa miongoni mwa kazi za kifasihi. Kwa hiyo, mkataba uleule uliomwacha Ray na hakimiliki yake jijini London ungemwacha mikono mitupu Nairobi.

Udhaifu wa kifungu hiki haumo katika kumpa mteja haki. Mteja aliyelipa ana haki ya kupata alichokiagiza. Udhaifu umo katika kumlinganisha mtaalamu anayejitegemea na mwajiriwa. Mwajiriwa hupokea mshahara kazi iwepo isiwepo, hupewa vifaa, na mara nyingi huchangiwa bima na pensheni. Kuna namna ya kueleza kwa nini mazao ya kazi yake yawe ya mwajiri. Mnukuzi anayelipwa kwa faili hana hata kimoja kati ya hivyo. Anabeba wajibu wa mwajiriwa pasipo hifadhi ya mwajiriwa.

Kuna mgongano wa ndani pia. Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinataka uhamishaji wa hakimiliki ufanyike kwa maandishi yenye saini, la sivyo hauna nguvu. Masharti ya namna hiyo huwekwa ili mtu asipoteze mali yake bila kujua. Hata hivyo, kwa kazi iliyoagizwa, mali hiyohiyo inahama kimyakimya. Mwandishi anayeuza hakimiliki ya kitabu chake kilichokwisha kuandikwa analindwa na kalamu. Mwandishi anayeandika kwa kuagizwa anaipoteza kwa kutosema kitu. Ikumbukwe kwamba mkataba wa namna hii kwa kawaida huandikwa na mteja. Kanuni inayoufanya ukimya umnufaishe mteja inampa sababu ya kunyamaza. Kanuni ya Ray ingempa sababu ya kusema, kwa kuwa anayetaka zaidi ya leseni analazimika kuitaja haja yake na, bila shaka, kuilipia.

Sheria haikumwacha mwandishi patupu kabisa. Kifungu cha 32 kinahifadhi haki za kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi na ya kupinga upotoshaji wa kazi, hata baada ya haki za kiuchumi kuhama. Mnukuzi wa Vanga anaweza kudai jina lake litajwe. Lakini katika data, ambamo kazi za watu wengi huchanganywa na kusagwa hadi zisionekane ndani ya mfumo, haki ya jina isiyoambatana na haki ya matumizi haina pa kushika.

4.0 Agizo la Ulaya na Hoja ya Hatari

Matini ya tatu inalikabili suala kwa njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la Machi 1996 liliunda haki mpya ya hifadhidata, tofauti na hakimiliki, inayodumu miaka 15. Haki hiyo hupewa "mtengenezaji" wa hifadhidata, na dibaji ya agizo inamfasili kuwa yule anayeanzisha jambo na kubeba hatari ya uwekezaji. Dibaji inaongeza kwamba fasili hiyo inawaweka kando wakandarasi wadogo. Kinyume na sheria ya Kenya, hapa hapajifichwi nyuma ya ukimya: aliyetia mkono kazini ametajwa na kutolewa nje kwa maneno.

Hoja ya hatari ina mantiki yake. Bila mtu wa kutanguliza fedha, mikusanyo mingi isingekuwapo. Hata hivyo, agizo linaitambua hatari ya aina moja tu, ile inayohesabika kwa fedha. Anayekusanya masimulizi katika jamii ndogo anaweka rehani kitu kingine, yaani jina lake. Wavuvi wa Vanga hawakumfungulia mlango mteja, ambaye hawakuwahi kumwona. Walimfungulia mtu wanayemjua, au mtoto wa mtu wanayemjua. Sauti zao zikitumiwa kwa jambo wasilolikubali, mteja hatapita barazani kuulizwa, mkusanyaji atapita. Fasili ya uwekezaji isiyoiona dhamana hiyo imepima nusu ya mzani.

Mahakama ya Haki ya Ulaya yenyewe iliona haja ya kuibana haki hii. Katika hukumu ya Novemba 2004 kuhusu orodha za mbio za farasi za British Horseracing Board, iliamua kwamba uwekezaji unaohesabika ni ule wa kutafuta na kuhakiki data zilizopo, si wa kuziumba data zenyewe. Mantiki hiyo ikiwekwa mbele ya data za lugha, inazua swali ambalo halikukusudiwa. Je, simulizi la mvuvi ni data iliyopo inayookotwa kama kombe ufukweni, au ni kitu kilichoumbwa na mtu mwenye jina? Jibu la swali hili ndilo linaloongoza sehemu inayofuata.

5.0 Mikono Mitatu: Msemaji, Mnukuzi na Mpangaji

Hukumu ya Ray ilikuwa na mtengenezaji mmoja. Mkusanyo wa data za sauti una angalau mikono mitatu: anayesema, anayenukuu, na anayepanga. Mazungumzo ya kisheria kuhusu data zinazotengenezwa kwa ajili ya mteja kwa kawaida huishia kwa mkono wa pili na wa tatu.

Mnukuzi hasikilizi tu; anaamua. Msemaji wa Kivumba anapotaja upepo, chombo au sehemu ya dema kwa jina ambalo kamusi sanifu hailijui, mnukuzi ndiye anayeamua liandikwe vipi, likomee wapi, na kama ni neno moja au mawili. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Feist ya mwaka 1991 iliyohusu kitabu cha namba za simu, ilikataa kwamba jasho pekee linazaa hakimiliki. Ilitaka japo chembe ya ubunifu katika uteuzi au mpangilio. Unukuzi wa lahaja isiyo na othografia iliyokubalika unapita kipimo hicho bila taabu. Mnukuzi basi ni mwandishi, na ndiyo maana kifungu cha 31 kina kitu cha kumwondolea.

Msemaji je? Kwa sheria ya Kenya, hadithi ni kazi ya kifasihi, na kazi inastahili ulinzi ikiwa imetiwa juhudi ya kutosha kuipa sura yake ya asili na ikiwa imeandikwa, imerekodiwa au imehifadhiwa kwa namna nyingine inayoshikika. Mzee anayesimulia jinsi alivyonusurika baharini wakati wa kusi, kwa mpangilio na maneno yake mwenyewe, ametimiza masharti yote mara tu kinasa sauti kinapowashwa. Yeye ni mwandishi wa simulizi lake. Yuko tofauti na mtu anayesoma sentensi alizopewa, ambaye maneno si yake.

Hapa ndipo kauli kwamba "data ni mali ya mteja" inapofikia mpaka wake. Kifungu cha 31 kinahamisha haki ya mwandishi aliyeagizwa. Mteja alimwagiza mnukuzi, hakumwagiza mzee. Mzee hakuwa na mkataba naye, hakulipwa naye, na idhini aliyoitoa ya kurekodiwa si uhamishaji wa hakimiliki ulioandikwa na kutiwa saini kama kifungu cha 33 kinavyotaka. Kwa usomaji wa mtafiti, ukimya wa mkataba uliweza kumwondolea mnukuzi alichokuwa nacho, lakini haukuweza kutoa kile ambacho mnukuzi hakuwa nacho. Zaidi ya hapo, sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na mwenye taarifa aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa. Haki hiyo haitegemei nani anamiliki faili.

Historia ya Kiswahili inatuonya kwamba mkono wa kwanza husahaulika kwa urahisi. Mwaka 1903 kilichapishwa nchini Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili kikiwa chini ya jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili jijini Berlin. Sehemu kubwa ya maandishi yenyewe ilikuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili katika chuo kilekile na aliyefariki Berlin mwaka 1927. Ni tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, iliyoliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu. Velten alikusanya na kuhariri, na kazi hiyo isidharauliwe. Lakini kwa takriban miaka 80 mpangaji alisimama mahali pa msemaji. Mtoro aliweza kurejeshewa jina lake kwa sababu kitabu kilibaki kitabu, na maneno yake yalibaki yakisomeka. Maneno yaliyosagwa ndani ya mfumo wa kompyuta hayatapata Allen wa kuyarejesha.

6.0 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba kanuni ya Ray haiwezi kubebeka pale wanukuzi ni mamia. Kila mmoja akibaki na hakimiliki ya vipande vyake, mteja hatajua alichonunua, na mkusanyo hautatumika na yeyote. Pingamizi hili ni la kweli, na Ray mwenyewe hakulikabili, kwa kuwa alifanya kazi yake peke yake. Lakini pingamizi linathibitisha haja ya leseni pana na iliyo wazi, halithibitishi haja ya umiliki kamili. Mteja anayehitaji kufundisha mfumo wa kutambua sauti anahitaji uhakika kwamba hatazuiwa kuufundisha. Hahitaji uwezo wa kumzuia mnukuzi kuandika tasnifu.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kwamba dawa ni kuziachia data ziwe za wote. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao una data za Kiswahili, umefuata njia hiyo kwa kutoa sauti pasipo kubakiza haki yoyote. Njia hii inamwondoa mteja mwenye hodhi, lakini nayo hailijibu swali la mzee. Kitu kilichoachwa kwa wote huchumwa kwanza na mwenye vyombo vikubwa. Ndiyo maana Te Hiku Media, redio ya Wamaori nchini New Zealand, ilichagua leseni inayojengwa juu ya dhana ya uangalizi badala ya umiliki: data zinatunzwa kwa niaba ya waliozitoa, na anayezitaka huziomba. Mfano huo hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi Vanga, kwa kuwa Kiswahili kina wenyewe wengi katika nchi nyingi. Unaweza, hata hivyo, kufaa kwa lahaja ambayo wasemaji wake wanajulikana kwa majina na vijiji.

7.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kwamba umiliki wa data zilizotengenezwa kwa ajili ya mteja hautokani na asili ya data wala na malipo. Unatokana na kanuni ambayo sheria imeichagua kuujaza ukimya wa mkataba. London ilichagua leseni ya kiasi kinachohitajika. Kenya ilichagua uhamishaji wa moja kwa moja. Umoja wa Ulaya ulichagua mbeba hatari ya fedha. Kwa kuwa kifungu cha 31 kinaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, marekebisho hayana haja ya kusubiri Bunge. Mkataba wa data za Kiswahili unapaswa kuwa na vifungu vinne: kinachotaja matumizi yaliyokusudiwa na kutaka makubaliano mapya kwa matumizi mengine, kinachombakizia mnukuzi haki ya kuitumia kazi yake kwa utafiti na kutajwa jina, kinachotamka kwamba simulizi ni la msemaji na linatumika kwa idhini yake, na kinachoeleza msemaji atamwendea nani akitaka kuiondoa.

Idara zinazosimamia tasnifu zina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa wanafunzi wao ndio wanaonukuu. Kamati za maadili huuliza kama msemaji alitoa ridhaa. Ni nadra kuuliza alitoa ridhaa kwa nani na kwa muda gani. Mtafiti hakuwa na jibu la kumpa mzee wa Vanga siku alipoulizwa, isipokuwa kwamba maneno yako mbali. Baada ya uchunguzi huu, jibu linaloweza kutetewa ni jingine: faili liko kwa mteja, nukuu zimehamia kwake kwa sababu mnukuzi alinyamaza, lakini simulizi bado ni la mzee, naye ana haki ya kuulizwa.